Nani Analipia Muda wa Kusikiliza?

Ukimkuta mwandishi wa sauti wa kujitegemea akiwa kazini, amevaa hedifoni na kumwelekezea maikrofoni mama lishe au nahodha wa jahazi, utadhani kazi yake ni kurekodi. Kurekodi ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Kabla ya hapo kuna simu zisizopokelewa, ahadi za njoo kesho, nauli, na siku nzima ya kukaa tu na watu mpaka wakuzoee. Baada ya hapo kuna kusikiliza upya kila kilichosemwa, kukinakili neno kwa neno, kukata, kupanga, kuandika maelezo ya kuunganisha, kuyasoma, kuyafuta na kuyasoma tena. Makala ya dakika 30 inaweza kutokana na saa kumi au ishirini za sauti ghafi, na kila saa ghafi inadai isikilizwe zaidi ya mara moja. Maandishi unaweza kuyapitia kwa jicho, ukaruka aya. Saa moja ya sauti inataka saa yako moja.

Swali langu linaanzia hapo. Afrika Mashariki imelelewa na redio, vizazi kwa vizazi. Podikasti za mazungumzo zimejaa tele. Kwa nini basi makala ndefu za sauti kwa Kiswahili, zile zenye uchunguzi ndani yake na mkono wa mhariri juu yake, ni za kutafuta kwa tochi? Wengi hujibu kwamba wasikilizaji wa siku hizi hawana subira, au kwamba vifaa ni ghali. Sikubaliani na jibu lolote kati ya hayo mawili. Ninavyoona mimi, wote wenye fedha ya kumlipa mwandishi huyu hununua kitu kingine, na ule muda hubaki juu yake mwenyewe.

Kuhusu subira, ushahidi tunao nyumbani. Mwaka 1966 Leonard Mambo Mbotela alianzisha "Je, Huu ni Ungwana?" katika redio ya taifa ya Kenya, na kipindi hicho kikadumu miongo na miongo. Mwaka 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa "Twende na Wakati", mara mbili kwa wiki, na watu wakamfuata dereva wa lori aitwaye Mkwaju na wanawake wake wa njiani kwa miaka, bila kuchoka. Deutsche Welle nayo imetangaza michezo ya "Noa Bongo" kwa vijana wa kizazi kilichozaliwa na simu mkononi. Hadithi ikinoga, Mswahili husikiliza.

Vifaa navyo si kikwazo kikubwa hivyo. Kinasa sauti cha mkononi cha Zoom, maikrofoni moja nzuri, hedifoni zinazoziba masikio na kompyuta hata ikiwa si mpya vinatosha kuanzia. Programu ya Audacity ni ya bure. Leseni ya mtu binafsi ya Reaper ni dola 60. Si fedha ndogo kwa anayeanza, ila ni gharama ya mara moja, na mpiga picha wa harusi hubeba begani mali nyingi zaidi ya hiyo.

Kinachogharimu ni kujua kusikiliza mahali. Ukiingia nyumbani kwa mtu, unasikiliza chumba kabla hujamsikiliza mwenyeji. Friji inanguruma kwenye kona: unaomba izimwe, na wazoefu huweka funguo zao ndani ya friji hiyo ili wasiweze kuondoka bila kukumbuka kuiwasha, maana samaki wa watu wakiharibika hukaribishwi tena. Feni izimwe pia, hata kama ni Mombasa na ni Februari. Adhana ikianza mnanyamaza wote. Mbali na heshima, ukija kukata sentensi iliyosemwa juu ya adhana, mshono utasikika na kila mtu. Mvua ikianza kupiga bati, unafunga vifaa na kungoja chai. Mwisho wa mahojiano unaomba jambo ambalo wenyeji wengi hulicheka: mkae kimya dakika nzima, maikrofoni ikiwa wazi, urekodi ukimya wa chumba chenyewe. Huo ndio utakaoziba mapengo wakati wa kuhariri. Bila huo, kila ulipokata patasikika kama umeme uliokatika ghafla. Katika ankara, dakika hiyo haina mstari wake, wala siku ya kuzoeana, wala usiku wa kunakili.

Fedha hutoka wapi, basi? Kwa muda mrefu mfuko wa kutegemewa umekuwa wa idhaa za nje. BBC ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1957, Ujerumani ikafuata mwaka 1963, na Sauti ya Amerika nayo ikawa na wasikilizaji wake waaminifu. Idhaa hizo zimewalisha waandishi wa kujitegemea wa Kigoma, Bukavu, Lamu na Bujumbura kwa kununua ripoti zao, ripoti moja moja, dakika tatu au nne kila moja. Malipo ya namna hiyo yana mantiki yake: yanampa tuzo mwenye kasi. Anayemaliza ripoti nne kwa wiki anakula. Anayekaa na jambo moja mwezi mzima analala njaa, hata kama jambo lenyewe lilistahili mwezi.

Ipo kazi nyingine, isiyojulikana sana nje ya fani. Mtayarishaji yuko London au New York, anamhoji mtu wa Kisumu au Tanga kwa simu. Wewe unakaa kando ya mhojiwa, umeshika maikrofoni, unarekodi upande wa huku kwa sauti safi, kisha unatuma faili. Basi. Wamarekani wana chama cha watengenezaji sauti wa kujitegemea, AIR, kilichoanzishwa mwaka 1988, na chama hicho huchapisha mwongozo wa malipo kwa kazi za aina hii ambao yeyote anaweza kuusoma. Mwandishi wa huku ausome kabla ya kutaja bei, kwa sababu mteja wake ameshausoma. Kazi yenyewe ni halali na hailipi vibaya. Ila kinachonunuliwa pale ni mkono wako na masikio yako. Maswali ni ya mwingine, na hadithi ni ya mwingine.

Hata idhaa au kampuni ya nje inapotaka makala ndefu, mara nyingi inaitaka kwa Kiingereza. Matokeo yake tumeyazoea mno kiasi cha kutoyaona tena. Mama wa Kilifi anaanza kueleza kwa Kiswahili chake, sekunde tatu au nne, kisha sauti yake inashushwa na mfasiri anapanda juu yake hadi mwisho. Utani wake, kusita kwake, ile pumzi aliyoivuta kabla ya kumtaja mwanawe, vyote vimefunikwa. Mwandishi alihangaika siku kadhaa kuipata sauti hiyo, na msikilizaji pekee ambaye angeielewa bila mfasiri, jirani yake mama huyo, makala haikutengenezwa kwa ajili yake.

Mfuko huo pia unaweza kufungwa kwa amri ya mtu asiyemjua mwandishi wala msikilizaji. Machi 2025 serikali ya Marekani iliisimamisha Sauti ya Amerika, Idhaa yake ya Kiswahili ikanyamaza pamoja na nyingine, na katika miezi iliyofuata mamia ya wafanyakazi wa mikataba wakaachishwa. Wa mikataba ndio hutangulia daima.

Vijana wengi wanaotaka kazi hii hawakuvutwa na idhaa hizo bali na Marekani ya podikasti, na hasa "Serial", iliyotoka kati ya Oktoba na Desemba 2014. Nadhani iliwapa picha isiyo sahihi. Ilisikika kama mwanamke mmoja, Sarah Koenig, akijiuliza maswali kuhusu mauaji ya mwaka 1999 huko Baltimore. Nyuma yake kulikuwa na This American Life, kipindi cha redio chenye mishahara na studio, ambako alikuwa amefanya kazi kwa takriban miaka kumi; kulikuwa na Julie Snyder na Dana Chivvis waliojenga kazi hiyo pamoja naye; na kulikuwa na karibu mwaka mzima wa kuchunguza kesi moja tu. Taasisi ililipia ule muda. Kijana wa Nairobi au Mwanza alisikia matokeo, akanunua maikrofoni, akaanza peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichokosekana chumbani kwake ni mwajiri.

Na hata huko kwenye soko tajiri mambo hayakudumu. Mwaka 2019 Spotify iliinunua Gimlet, kampuni ya makala za sauti, na kwa muda ikaonekana kama fedha imepata njia. Desemba 2023 Spotify ikapunguza wafanyakazi wapatao 1,500 na kuzifuta podikasti za "Heavyweight" na "Stolen". Hii ya pili, uchunguzi wa Connie Walker kuhusu shule ya bweni alikoteswa baba yake huko Kanada, ilikuwa imeshinda Pulitzer mwaka huohuo. Kwa hiyo anayetufariji kwamba soko letu likikua makala zitajilipia zenyewe, atueleze kwa nini hazikujilipia kule. Uchunguzi wa sauti huwepo pale tu mtu mwenye fedha anapoamua uwepo.

Huku kwetu anayeamua hivyo mara nyingi ni shirika. Mfuko wa mashirika ni mnono kuliko ule wa idhaa, na ni wa zamani kuliko podikasti. "Twende na Wakati" yenyewe ilifadhiliwa ili watu wabadili mienendo kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, na eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo kwa miaka miwili ya mwanzo ili watafiti wapate mahali pa kulinganisha. Nauheshimu mchezo ule: ulikuwa na waandishi, waigizaji na muda wa kutosha, na mtu alilipa. Shida ni kwamba mradi huhitaji kuujua mwisho kabla ya kuanza. Una malengo, viashiria na ripoti ya robo mwaka. Mwandishi aliyepewa vipindi kuhusu ndoa za utotoni anajua tangu mwanzo kwamba atampata binti aliyeokolewa na mratibu atakayeeleza jinsi alivyookolewa. Akikutana na binti aliyeolewa na miaka kumi na sita ambaye hataki kuhurumiwa, na ambaye maneno yake yangewatia mashakani wasikilizaji wote pamoja na mfadhili, hana pa kumweka. Makala halisi ingeanzia kwake.

Nao mfuko huo umetoboka. USAID ilifungwa rasmi Julai 1, 2025, na miradi ya habari iliyoitegemea ikaenda nayo. Bahasha ya posho inayotolewa kwenye warsha, ule mshiko, itaendelea kuwapo kwa sababu ni nafuu. Haijawahi kutengeneza makala.

Kuhusu podikasti za mazungumzo sina mengi. Salama Jabir na "Salama Na" huko Dar es Salaam, Mantalk.Ke na Mic Cheque huko Nairobi, wameonyesha kwamba watu watakaa saa nzima na zaidi na mazungumzo. Lakini matangazo hufuata nyuso kwenye YouTube na ratiba isiyovunjika: kila wiki, siku ileile. Watu wawili na viti viwili wanaweza kutimiza hilo. Mwenye makala inayongoja nyaraka za mahakama hawezi.

Wapo wanaoponyoka, na wanastahili kutazamwa kwa makini kuliko kusifiwa tu. "Until Everyone Is Free" ni podikasti kuhusu Pio Gama Pinto, mwandishi na mpigania uhuru aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake Nairobi Februari 24, 1965. Jina lake ni la Kiingereza, lakini inazungumza Sheng. Waliiendesha Stoneface Bombaa, mwanaharakati wa Mathare, na April Zhu, mwandishi wa kujitegemea. Kwa kuchagua Sheng walichagua msikilizaji: kijana wa mtaani ambaye historia ya Pinto ilikuwa imeandikwa juu ya kichwa chake. Ni uamuzi unaofunga milango ya wanunuzi wengi wa nje kwa mara moja, na bila shaka walilijua hilo. Kazi ikapata uhuru wa kutoeleza kila kitu kwa mgeni.

Usambazaji, angalau, uko upande wa watu kama hao. Makala ya dakika 30 ikihifadhiwa kwa sauti ya njia moja katika kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde ina uzito wa megabaiti 14 hivi. Inatumwa kwa WhatsApp, inasikilizwa bila bando la ziada, inapelekwa kwa shangazi Muscat. Spotify, iliyofika Kenya, Tanzania na Uganda mwaka 2021, haijabadilisha jambo hilo kwa wengi: faili inayopita mkono kwa mkono ndiyo redio yao mpya. Haileti senti, ndiyo, na haihesabiki kwa mtangazaji biashara. Inafika.

Kujitegemea kuna hatari ambazo fedha haizimalizi. Moja ni ya kitaaluma. Mwaka 2018 New York Times ilitoa podikasti ya "Caliphate", ikimtegemea kwa sehemu kubwa kijana wa Kanada aliyedai kuwa aliua watu kwa niaba ya kundi la Dola la Kiislamu. Mwaka 2020 gazeti likakiri kwamba hadithi yake haikuthibitika, na likarudisha tuzo ya Peabody. Sauti ina uchawi wake: mtu akisimulia kwa utulivu, kwa undani, karibu na maikrofoni, unamwamini kabla hujauliza. Chumba kizima cha habari kilizidiwa. Wa kujitegemea hana chumba; ana rafiki anayemwomba asikilize usiku, akipata nafasi. Mimi ningesema mfadhili yeyote makini alipie kwanza mhariri wa pili, hata kabla ya nauli.

Nyingine ni ya mwili. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea akiliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, wakati wa mauaji ya mfululizo wilayani humo. Alitoweka Novemba 21, 2017, na hajaonekana tena. Waandishi wa kujitegemea ndio walio vijijini, karibu na jambo lenyewe, na ndio wasio na bima, gari wala mwanasheria wa kampuni. Duniani, mauaji ya James Foley na Steven Sotloff nchini Syria mwaka 2014, wote wawili wakiwa wa kujitegemea, ndiyo yaliyosukuma mashirika makubwa ya habari kukubaliana kanuni za usalama kwa watu yanaowatuma bila kuwaajiri. Kanuni hizo zipo. Anayezitaja kwenye mazungumzo ya kazi huonekana msumbufu; azitaje hata hivyo.

Sheria nayo huongeza gharama. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu, redio na televisheni za mtandaoni wawe na leseni, na ada za mwanzo zikafika zaidi ya dola 900 kwa pamoja. Kanuni zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, ila ujumbe wa mwaka ule uliwafikia wengi waliokuwa bado wanajaribu: kabla hujapata msikilizaji, unaanza na deni.

Nimeacha suala la haki hadi hapa kwa sababu ndipo naona mwanya. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kazi iliyoagizwa, hata na mtu asiyekuwa mwajiri wako, haki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama mmekubaliana vingine. Soma tena: mkataba ukikaa kimya, kimya hicho ni cha mnunuzi. Waandishi wengi hufanya kazi kwa ujumbe wa simu unaotaja siku, mahali na dola, bila neno kuhusu sauti ghafi. Saa ishirini zile, za mama wa Kilifi bila mfasiri juu yake, zinaishia kwenye diski ya mtu aliyehitaji dakika mbili.

Ukibaki nazo, hesabu inabadilika. Fedha ya makala ya Kiingereza imelipia nauli, siku za kuzoeana na kurekodi. Toleo la Kiswahili linadai uhariri tu, ambao bado ni kazi, lakini ni kazi unayoweza kuifanya kidogo kidogo kati ya ripoti na ripoti. Hiyo ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuufanya mfuko wa mwingine ulipie muda wako bila kumdanganya mtu. Ina sharti moja zito: aliyezungumza lazima awe ameridhia matumizi yote mawili, tangu siku ya kwanza, kwa lugha yake. Kusikika London ni jambo moja, kusikika na majirani ni jambo jingine kabisa, na wapo watakaokubali la kwanza na kukataa la pili. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, nazo zinataka ridhaa ichukuliwe kwa uzito. Irekodi ridhaa hiyo kwa sauti, mwanzoni mwa faili.

Kwa upande wa mnunuzi, sentensi mbili zinatosha: kwamba anachonunua ni haki ya kurusha makala hii, kwa lugha hii, kwa kipindi kilichotajwa, na kwamba sauti ghafi zote zinabaki mali ya aliyezirekodi. Sentensi hizo zipelekwe kabla ya siku ya kurekodi, wakati bado anakuhitaji na anajibu barua pepe zako ndani ya saa moja.